Kabla hujaweka sola nyingine kwenye kampa, fungua sampu ya giaboksi

Wenzangu wenye kampa, yaani magari ya kulala, hasa nyie mliochukua Toyota HiAce Super Custom mkang'oa viti mkaweka kitanda na jiko, leo nataka tuongee giaboksi otomatiki, maana naona watu wanaweka pesa kwenye sola, friji, taa za paa, alafu sampu ya giaboksi, lile bakuli la oili chini yake, haijaguswa tangu gari imeshuka Mombasa.

Yangu ni ya dizeli, injini 1KZ ya lita 3, otomatiki ya gia 4. Ndani kuna kitanda, tangi la maji lita 60, betri 2, mtungi wa gesi, na tukipanda mimi na mama watoto na watoto wawili na mizigo juu ya paa, ile giaboksi inavuta uzito huo siku nzima kila safari.

Mwaka juzi tulikuwa tunaenda Kisoro kulala kando ya ziwa Mutanda. Kampala mpaka Mbarara safi, Kabale safi, sasa tulivyoanza kupanda mlima wa Kanaba, zile kona kabla hujaanza kuona milima ya Mufumbiro, injini ikawa inalia lakini gari haiendi, yaani mshale wa rpm unapanda na spidi inashuka, alafu harufu ya kuungua ikaingia mpaka kitandani kwa watoto. Nikasimama pembeni. Dereva mmoja wa Fuso ya viazi akasimama na yeye, akavuta dipstiki ya giaboksi akanusa, akaniambia, "Mzee, oili imeungua hii, usiilazimishe, iache ipoe kabisa alafu panda na gia ya 2 polepole." Nikamwambia webale ssebo, yaani asante bwana, tukakaa pale karibu saa nzima, na ndo ivo tukafika.

Kurudi Kampala nikafungua sampu mwenyewe na fundi ninayemwamini, na hapo ndo niliumia roho. Kuna fundi aliwahi kuifungua zamani kabla sijainunua, akapaka gundi ya silikoni nyingi mno kwenye mdomo wa sampu, ile iliyozidi ikajibana ndani, ikakatika vipande kama tambi, vikavutwa mpaka kwenye chujio. Chujio la hizi Toyota ni wavu wa chuma tu, sasa wavu ukiziba pampu inakosa oili, presha inashuka, klachi za ndani hazibanwi vizuri zinateleza, zikiteleza zinatoa joto, joto linaunguza oili, na unga wa klachi unazidi kuziba wavu. Ni mzunguko, na mlimani ndo unaonekana kwasababu pale torki konveta, kile kifaa kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa kutumia oili, inakoroga oili sana gari ikiwa inaenda polepole na mzigo.

Jambo la joto naomba mlishike vizuri. ATF, yaani oili ya giaboksi otomatiki, inafurahi kwenye nyuzi 80 mpaka 95 hivi, na mafundi wana hesabu ya haraka kwamba ukiongeza nyuzi 10 juu ya hapo umri wa oili unakatika karibu nusu. Ikipita 120 inaanza kuacha utando kama vanishi kwenye valvu. Na gari zetu hizi hazina geji ya joto la giaboksi, kuna taa tu, na taa ikiwaka umeshachelewa.

Sasa sampu. Wamarekani wenye kampa kubwa za Ford na Chevrolet wao wananunua sampu nene ya aluminiamu yenye mapezi, inabeba oili zaidi na ina nati ya kumwagia, maana sampu nyingi za kiwandani za kwao hazina nati, unafungua bolti zote na oili inakumwagikia usoni. Giaboksi yao ya Allison 1000 yenyewe ina filta ya nje ya kuzungusha kama filta ya injini, unaibadilisha bila kugusa sampu, na hiyo kwakweli ni akili nzuri. Sisi Toyota yetu nati tunayo tayari, na sampu ndefu ya kununua kwa gari hii nilizunguka soko la spea la Kisekka pale Kampala nikatoka mikono mitupu, kwahiyo nikaenda kwa mafundi wa Katwe wakanichomelea, yaani wakaongeza kina cha ile yangu.

Kama na wewe unataka kuchomelea, sikiliza hapa kwanza. Usikubali wachomelee sampu ikiwa wazi mezani, ule mdomo wake ni bati jembamba utapinda na hautaziba tena maisha, lazima ifungwe na bolti zote kwenye bati nene kwanza ndo wachome kidogo kidogo, wapumzishe, wachome tena. Yangu ina karibu sm 35 kwa 28, tuliongeza sm 3 kwenda chini, hesabu yake ni kama lita 3 za ziada. Wengine watakwambia ongeza sm 6 au 8, mi nasema hapana, sio kwa barabara zetu. Ukitoka lami ya Kisoro ukaingia maramu, barabara ya udongo, ya kwenda Mutanda au upande wa Nkuringo kuna mawe yanatokeza katikati ya njia, sampu ikining'inia chini ya krosimemba, ile boriti ya chuma inayokatisha chini ya gari, inapigwa ya kwanza na safari imeishia hapo. Lala chini ya gari upime kabla hujakata kitu. Tuliweka pia tundu la sensa ya joto, sumaku mbili mpya pembeni ya zile za zamani, na baada ya kuchomelea tukaijaza maji tukaiacha usiku kucha kuona kama inavuja, alafu tukaisugua ndani mpaka ikang'aa, maana takataka moja ya welding ikibaki itaenda kwenye valvu bodi, ile sehemu yenye valvu za kubadilisha gia.

Fundi alitaka kuweka kipande cha kushusha chujio lifikie chini. Nikakataa, kwasababu kipande hicho kikivuta hewa hata kidogo pampu inapiga povu na giaboksi inakufa haraka kuliko ilivyokuwa inakufa. Oili ya chini inajizungusha yenyewe na ile inayorudi, na uchafu mzito unalala chini mbali na mdomo wa chujio. Kipimo kwenye dipstiki ni kilekile, alama za HOT, gari ikiwa inawaka na imepata moto, umepitisha lever gia zote ukarudisha P. Usijaze zaidi eti kwasababu sampu ni kubwa.

Lakini kama pesa ni ya kitu kimoja tu, acha sampu, weka filta ya pili kwenye mpira wa oili. Wavu wa chuma haukamati unga mdogo wa klachi. Hii inakaa kwenye mpira unaorudi kutoka kwenye rejeta, ambako oili inapozwa, kwenda giaboksi, sio ule unaotoka, na mshale wake uangalie giaboksi. Chukua yenye sumaku ndani na njia ya dharura ya kupitisha oili filta ikiziba, maana ikiziba bila hiyo njia oili haipiti kwenye rejeta kabisa na giaboksi inakosa kulainishwa. Mpira uwe wa ATF, ule wa petroli au wa maji unalainika unapasuka. Ya kwanza niliitoa baada ya km 1,000 nikaikata na msumeno, ilikuwa na matope ya kijivu, ya pili nimeipeleka km 20,000.

Oili yenyewe soma kwenye dipstiki, yangu inasema Dexron, usichanganye na ya gari ya jirani. Ukimwaga sampu unatoa kama nusu tu au pungufu, nyingine iko kwenye konveta, kwahiyo mi nilimwaga, nikaendesha siku chache, nikamwaga tena, mara 3, mpaka ikatoka nyekundu. Ikitoka ya pinki kama maziwa usiendelee, hayo ni maji, rejeta imetoboka ndani. Kwenye sumaku ute wa kijivu ni kawaida, vipande vya chuma vinavyokwaruza kidole sio kawaida. Na bolti za sampu ni ndogo, zinataka kama Nm 7 tu, ukikaza kwa hasira zinakatikia ndani ya ganda la aluminiamu la giaboksi.

Desemba tulirudi Kisoro, mzigo uleule, na mama watoto ndo alikuwa anasoma geji ya ile sensa ya joto. Tambarare ya Masaka 82, kupanda Kanaba ikafika 101, nikatoa ovadraivu, ile gia ya juu ya kukimbilia, nikashusha gia ya 2, akasema 97, alafu 93, na tukavuka juu bila kusimama.