Usipime lori, pima robota: kwa anayeanza kushika kerneli ya Linux

Moduli yangu ya kwanza ya kerneli (kipande cha programu kinachoongezwa kwenye kiini cha Linux) iliishi siku moja na nusu. Niliiandikia mashine iliyokuwa ikipitisha paketi (vifurushi vidogo vya data) za ofisi moja hapa Tanga, pale Chumbageni. Kazi yake ilikuwa nyepesi: paketi yoyote inayozidi MTU (ukubwa wa juu wa paketi moja, kwa baiti) ya kadi ya mtandao ya kutokea itupwe. Nikalinganisha urefu wa skb (muundo ambamo kerneli hushikia paketi), yaani `skb->len` na 1500, nikajaribu kwa ping, ikajibu vizuri. Nikapanda baiskeli yangu, huyoo Raskazone kupunga upepo.

Kesho yake asubuhi simu: "Kaka, intaneti ipo lakini haipo." Ujumbe wa maandishi unakwenda, ila faili kubwa linashuka kwa kusuasua, linaganda, linashtuka tena.

Nikafungua tcpdump (programu ya kuchungulia paketi zinazopita) kwenye kadi ya kuingilia, nikakuta mstari unaoishia `length 14480`. Kwenye mtandao wa MTU 1500! Nikadhani tcpdump imechanganyikiwa, kumbe aliyechanganyikiwa ni mimi. Kadi ilikuwa imepokea paketi kumi za kawaida za TCP (itifaki inayorudia kutuma data iliyopotea), kila moja ikiwa na data ya baiti 1448. GRO (mbinu ya kerneli ya kuunganisha paketi zinazoingia) ikazifunga pamoja kabla ya kuzipandisha juu, ili kerneli ihangaike mara moja badala ya mara kumi. Wakati wa kutoka zingegawanywa tena, ama na kadi yenyewe ama na GSO (mbinu ya kerneli ya kugawa mzigo mkubwa wakati wa kutoka), ambayo imo ndani ya Linux tangu toleo la 2.6.18 la mwaka 2006. Dubwana nililokuwa nalitupa lisingetoka nje likiwa zima hata siku moja. Faili lilisuasua kwa sababu TCP ikirudia kutuma paketi moja moja, hizo zilikuwa zinapita.

Aliyekulia mkoa huu ameshaona lori la katani. Ukitaka kujua kama mzigo utapita mlango wa ghala, hupimi lori, unapima robota. Na kwa kuwa marobota yametoka mashine moja, unapima moja tu. Vipande vya TCP ndivyo vilivyo: vyote sawa, isipokuwa cha mwisho, ambacho chaweza kuwa kifupi na hakikudhuru.

Hesabu yenyewe: `gso_size` (data ya kila kipande) ni 1448, ongeza heda ya IP (maelezo yanayotangulia data) 20, ongeza heda ya TCP 32 (20 za kawaida na 12 za mhuri wa muda). Jumla 1500. Inapita, tena bila nafasi ya kubaki.

Sikuanza na hesabu hiyo, naungama. Marekebisho yangu ya kwanza yaliligawa dubwana kweli kweli, yakapima kila kipande, kisha yakavitupa vipande. Yaani natenga skb mpya kumi ili kujibu swali la kujumlisha namba tatu! Kerneli ina `skb_gso_validate_network_len()`: unaipa skb na kikomo, inakujibu ndiyo au hapana bila kugawa chochote. Soma `ip_exceeds_mtu()` ndani ya `net/ipv4/ip_forward.c` uone mpangilio wake. Swali la bei rahisi linatangulia: urefu wote ukiwa ndani ya MTU, kazi imekwisha hapo hapo.

SCTP, itifaki nyingine ya kusafirisha data, ina mambo yake. Vipande vyake havilingani, kwa hiyo `gso_size` hubeba alama ya `GSO_BY_FRAGS`, yaani 0xFFFF, ambayo si kipimo. Hapo kila kipande lazima kipimwe, na funksheni ile ile inakufanyia. Ukijumlisha mwenyewe kwa mkono utapata upuuzi.

Usiichanganye pia na `skb_gso_validate_mac_len()`. Hiyo inahesabu na heda ya Etheneti, baiti 14, kwa hiyo robota letu linakuwa 1514. Ukililinganisha na MTU utakataa mzigo halali, na nimemwona mtu akikesha kwa kosa hilo.

Ukishuku tatizo la namna hii, zima GRO kwa muda: `ethtool -K eth0 gro off`. Faili likianza kushuka vizuri, umeshajua pa kutazama.

Moduli yangu? Niliiondoa kabisa. Kerneli ilikuwa ikiifanya kazi hiyo siku zote, na kwa paketi iliyokatazwa kugawanywa humrudishia mtumaji ICMP (ujumbe wa taarifa wa mtandao) ya kumwambia apunguze ukubwa. Mimi nilikuwa natupa kimyakimya.