Kia EV6 GT kutoka Uingereza: Je, Nyumba Yangu na Barabara Zetu Zitaiweza?

Swali: Mhandisi, salaam. Ninaishi Syokimau katika nyumba yangu mwenyewe na ninafanya kazi Westlands. Nimepata Kia EV6 GT ya mwaka 2023 inayouzwa Uingereza, yenye usukani wa kulia, ambayo imetembea maili 19,000. Sijawahi kumiliki gari la umeme. Kwa sasa ninaendesha Subaru Forester yenye turbo. Naomba unijibu mambo manne. Ninaweza kuichaji kwa soketi ya kawaida ya nyumbani? Nitafika nayo Mombasa, ambako huenda kila baada ya miezi mitatu kumwona mama? Nitajuaje kwamba betri ni nzima kabla sijalipa? Na rimu zake za inchi 21 zitastahimili barabara zetu?

Jibu: Ndugu msomaji, umetanguliza soketi, na hata ungeiweka mwisho mimi ningeanza nayo, kwa maana katika maswali yako manne hilo ndilo linaloweza kuteketeza nyumba.

Plagi yetu ya pini tatu za mraba imeundwa kubeba ampea 13, na birika la umeme huvuta karibu kiasi hicho bila madhara kwa sababu maji huchemka kwa dakika tatu, kisha soketi ikapoa. Gari halifanyi hivyo. Kebo ya dharura inayokuja na gari huvuta takriban ampea 10, yaani kilowati 2.4, na kuitoa betri ya EV6 GT yenye kilowati-saa 77.4 kutoka asilimia 20 hadi 80, ukihesabu na umeme unaopotea njiani, huchukua saa 21 hivi bila kupumzika. Skrubu moja iliyolegea nyuma ya soketi, ambayo isingejulikana kwa birika, hupata moto usiku kucha. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja Kitengela ambako gari dogo la umeme lilikuwa likichajiwa kwa soketi ya jikoni. Kwa nje kifuniko kilikuwa cheupe kabisa, lakini nilipokifungua nilikuta plastiki ya upande wa waya wa moto imegeuka rangi ya chai isiyo na maziwa, na ganda la waya limekauka hadi linavunjika kati ya vidole. Plastiki ya aina hiyo ikiungua hutoa harufu ya samaki, na mwenye nyumba alikuwa amekaa wiki mbili akimlaumu mpishi na omena zake.

Kwa hiyo soketi ya ukutani iwe ya dharura tu. Unachohitaji ni chaja ya ukutani ya ampea 32 kwenye laini yake yenyewe kutoka ubao wa umeme, na kwa nyumba ya fezi moja itakupa zaidi kidogo ya kilowati 7, yaani kazi ile ya saa 21 imalizike kwa takriban saa saba. Waya wa milimita za mraba 6 hutosha kwa masafa mafupi. Maegesho yakiwa mbali na ubao kwa zaidi ya mita 20 hivi, mimi huweka wa 10. Swichi ya kukata umeme unapovuja iwe ya aina ya B, au ya aina ya A ikiwa chaja yenyewe ina kitambuzi cha mkondo mnyoofu (DC) wa miliampea 6, kwa sababu swichi ya kawaida hupumbazwa na mkondo mnyoofu unaoweza kuvuja kutoka ndani ya gari, ikakosa kukata siku ya hatari. Mwambie fundi, na awe mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, apime waya wa ardhini kwa mashine na kukuandikia kipimo alichokipata. Asikuambie tu kwamba ameuona ukiingia ardhini.

Jambo moja husahaulika: hita za kuogea. Mbili zikiwashwa pamoja, kila moja ikivuta kilowati 5, na gari likiwa linachaji, jumla hupita ampea 70, ilhali ikiwa laini kuu ya nyumba yako ni ya ampea 60 itakatika wakati mtu ana povu kichwani. Weka gari lichaji baada ya saa tano usiku, jambo ambalo gari lenyewe hupangiwa kwenye skrini. Uliza pia Kenya Power kuhusu mita ya pekee ya gari, kwa sababu tangu mwaka 2023 kuna bei maalumu ya kuchaji magari ya umeme, iliyoanza kwa shilingi 16 kwa kilowati-saa na shilingi 8 kwa saa zisizo na msongamano, kabla ya kodi na tozo nyingine.

Sasa Mombasa. Kiwanda kinatangaza kilomita 424 kwa kipimo cha Ulaya, na Wamarekani, ambao kipimo chao kinakaribia zaidi mwendo wa barabara kuu, waliipa gari hili maili 206, yaani kilomita 332. Mimi hutumia hesabu ya Wamarekani, ambayo ni sawa na kilowati-saa 23 hivi kwa kila kilomita 100. Kutoka kwako hadi Mombasa ni takriban kilomita 470, kwa hiyo katika ardhi tambarare ungehitaji kilowati-saa 108, na betri yako ina 77.4. Hufiki bila kuchaji njiani, na ni bora ulijue hilo leo kuliko ulijue ukiwa Maungu.

Lakini barabara ile si tambarare, na hapo ndipo gari la umeme linapotofautiana na Forester yako. Syokimau iko juu ya usawa wa bahari kwa karibu mita 1,600. Gari la kilo 2,200 likiwa na watu na mizigo hufika kilo 2,500, na kulipandisha uzito huo mita 1,600 kunahitaji kilowati-saa 11 za kunyanyua tu, ambazo kwa hasara za mota huwa 12 hivi. Ukiteremka kwenda pwani, mota hugeuka jenereta na kukurudishia sehemu kubwa ya kiasi hicho. Ukirudi, unakilipa chote. Ndiyo maana wenye magari ya umeme husema walifika Mombasa vizuri, kisha wakahangaika kurudi, wakadhani betri imeharibika. Ukiweka akiba ya asilimia 10, kwenda utahitaji kuongeza kilowati-saa 30 hivi njiani, na kurudi utahitaji 50. Mtito Andei, ambako mabasi husimama, ndiyo nusu ya safari, na ndipo ningetaka kuchaji pande zote mbili. Usipange safari kwa kutegemea kituo ulichokiona kwenye ramani tu. Piga simu asubuhi ya safari, uulize kama kinafanya kazi, kinatoa kilowati ngapi, na kama kina plagi ya CCS2, ambayo ndiyo ya magari ya Uingereza, kwa kuwa vipo vituo vilivyojengwa kwa ajili ya magari ya Kichina au ya Kijapani ambavyo plagi zake haziingii kwako.

Kuhusu ile ahadi ya kuchaji kutoka asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 18: ni ya kweli, ila kwa chaja ya kilowati 350. Mfumo wa gari hili ni wa volti 800 hivi, mara mbili ya magari mengi, na kwa nguvu ileile mkondo hupungua nusu, hivyo joto katika waya uleule hushuka hadi robo. Hiyo ndiyo siri ya kasi yake. Chaja ya kilowati 50 hainufaiki na siri hiyo. Kwa chaja hiyo, zile kilowati-saa 50 za kurudi ni saa nzima na zaidi. Kinachokusaidia ni mguu wako. Upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 110 upepo hukusukuma nyuma karibu mara mbili. Ukikaa nyuma ya lori hadi Emali bila kulipita, utafika na akiba usiyoitarajia, ingawa ninajua hukununua farasi 585 ili ukae nyuma ya lori.

Betri ndilo jambo linalowatia watu hofu kuliko yote, na katika gari la maili 19,000 ndilo ningeliogopa kidogo. Ina seli 384, zilizopangwa jozi 192 kwa mfululizo, na muuzaji akiunganisha mashine ya kusomea kompyuta ya gari atapata mambo mawili unayoyahitaji. La kwanza ni asilimia ya afya ya betri, ambayo usiiabudu, kwa kuwa huweza kuonyesha 100 kwa muda mrefu. La pili, ambalo ndilo muhimu, ni volti ya seli ya juu kabisa na ya seli ya chini kabisa gari likiwa limetulia. Tofauti ya volti 0.02 hainisumbui, ikifika 0.05 ningetafuta gari jingine. Likishafika nyumbani unaweza kulipima mwenyewe kwa mita ya chaja yako: kutoka asilimia 20 hadi 80 betri nzima hupokea kilowati-saa 46, na mita ya ukutani husoma 51 hivi. Mita ikisoma 43, umeuziwa betri iliyochoka.

Ninachokiogopa zaidi ni kifaa kidogo kilicho nje ya betri hiyo, kinachochaji betri kubwa kutoka ukutani na papo hapo kuilisha betri ndogo ya volti 12. Kikiungua, betri ndogo huisha, taa ya onyo huwaka, na gari hupunguza nguvu hadi linasimama, hata kama betri kubwa imejaa. Si uvumi: mwaka 2024 Hyundai na Kia ziliyaita magari ya familia hii yarudi kutengenezwa mara mbili, Machi na Novemba, kwa ajili ya kifaa hicho. Chukua nambari ya chesisi, muuzaji aipeleke kwa wakala wa Kia kule Uingereza, nawe upate kwa maandishi kwamba kazi hiyo imefanywa kabla gari halijapanda meli. Likishafika Kilindini, suala la nani atalipia linakuwa refu. Uliza pia, kwa maandishi vilevile, kama dhamana ya kiwanda inalifuata gari hadi Kenya. Usikubali jibu la simu. Agiza pia picha za chini ya gari, si za ubavuni tu. Bamba la chini ya betri likiwa na mkunjo, acha.

Hapo ndipo tunapofika kwenye rimu. Tairi za GT ni 255/40 za inchi 21, maana yake ukuta wa mpira kati ya rimu na lami ni milimita 102. EV6 ya kawaida yenye rimu za inchi 19 huvaa 235/55, ambayo ni milimita 129. Sentimita mbili na nusu zinaonekana ndogo hadi unapoingia shimo ukiwa na tani mbili na robo. Mteja wangu mmoja mwenye gari la aina hii alipasua ubavu wa tairi mbili usiku mmoja, mkono wa kushoto mbele na nyuma, kwa shimo lilelile. Gari halina spea, bali chupa ya gundi na pampu, na gundi haizibi ubavu uliopasuka. Ukifikiria kuteremka hadi rimu ndogo, kumbuka kwamba diski za breki za mbele zina kipenyo cha milimita 380, kwa hiyo rimu nyingi za inchi 19 hugonga breki. Inchi 20 huenda zikakaa, lakini pima kwanza, na tairi ziwe na kiwango cha kubeba uzito kilekile kilichoandikwa kwenye mlango.

Matuta nayo yana hesabu yake. Kati ya tairi la mbele na la nyuma kuna mita 2.9, na chini ya sakafu una sentimita 15 na kidogo, ambazo hupungua mkipanda watu watano. Kabla hujalipa, pima lango lako: ukikuta kona kali pale mteremko unapokutana na zege, ndilo litakalokwaruza betri kila jioni, na mwashi atalirekebisha kwa siku moja.

Hukuniuliza kama ununue GT au la, lakini nitasema. EV6 yenye mota mbili isiyo GT ina kilowati 239 na hufika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 5.2, na kwa kipimo kilekile cha Ulaya huenda hadi kilomita 506 kwa betri ileile ya 77.4. Kilomita 80 hizo zilizopotea kwenye GT zimeliwa kwa sehemu na tairi pana zenye kunata. Sekunde 3.5 za GT utazionja mara mbili kwa wiki. Tairi zake utazilipia kila wakati. Kwa mtu wa Syokimau na Mombasa mimi ningechukua ile nyingine. Ikiwa moyo umeshakaa kwa GT, ushuru utahesabiwa kwa bei ya gari jipya iliyo kwenye orodha ya KRA, mamlaka ya mapato, ikipunguzwa kwa umri wa gari, si kwa bei uliyoilipa. Na kwa kuwa viwango hubadilika na Sheria ya Fedha, mwombe wakala wa forodha hesabu ya wiki hii, si ya rafiki yako wa mwaka jana.

Mwisho, andika kwenye karatasi na uiache kwenye droo ya gari: likiharibika, lisivutwe kwa kamba wala kuinuliwa magurudumu mawili. Magurudumu yote manne yameunganishwa na mota, na yakizunguka bila mpango mota huzalisha umeme usio na pa kwenda. Libebwe juu ya lori la kitanda bapa. Dereva wa lori la kuvuta atakuambia amevuta magari miaka 20. Mwonyeshe karatasi.