Kupeana mkono, kuunga mkono

SWALI

Shikamoo Mzee wa Kamera. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Mbagala, nauza vitumbua na chai asubuhi karibu na kituo cha daladala cha Rangi Tatu. Mwanangu wa pili ana miaka 22, ni beki wa kushoto, anacheza Ligi ya Championship. Mwezi uliopita klabu yao ilialikwa kwenye bonanza. Mgeni rasmi alikuwa kiongozi mmoja ambaye sitamtaja, ila huku kwetu anajulikana kwa ile bomoabomoa ya vibanda vya wamachinga. Kibanda cha kaka yangu, yaani mjomba wa huyu kijana, kilikwenda na mzigo ukiwa ndani.

Nahodha alikuwa majeruhi, kwa hiyo mwanangu ndiye aliyeambiwa amkabidhi mgeni rasmi jezi. Mgongoni imeandikwa jina la mheshimiwa na namba 10. Picha ikasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp, wote wawili wanacheka. Sasa kijiweni wanamwita chawa, yaani mtu wa kujipendekeza kwa wakubwa. Juzi mteja kanunua vitumbua vinne, akasema kwa sauti, "Leo tunakula vya mama chawa." Nilicheka nao, nikaja kulia nyumbani. Kinachoniuma zaidi ni kaka yangu: wiki ya tano hii haitikii shikamoo ya mpwa wake.

Mwanangu anasema yeye ni mtu wa mpira, siasa haijui. Je, kupiga picha na kiongozi ndiyo kumuunga mkono? Na afanye nini, aombe radhi?

Mama wa Beki, Mbagala

JIBU

Marahaba, mama. Kabla sijakujibu naomba niungame, maana mkono wangu uliwahi kumtengeneza mtu kuwa chawa kabla neno hilo halijaanza kutumika hivyo mitaani.

Ilikuwa 1995, mwaka wa uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi virejeshwe. Nilikuwa mpiga picha wa michezo, na siku hiyo nilikuwa Uwanja wa Taifa, huu wa zamani tunaouita Uhuru siku hizi. Mgeni rasmi akashuka kusalimiana na wachezaji. Wewe unaujua ule mstari: wamesimama kumi na mmoja, mikono nyuma, afisa itifaki anatangulia akinong'ona majina, mheshimiwa anafuata akitoa mkono. Alipofika kwa mshambuliaji mmoja, kipa aliyesimama pembeni yake alikuwa ametoka kumwambia kwamba amevaa soksi mbili za rangi tofauti. Jamaa akaangua kicheko, mkono ukiwa bado kwenye kiganja cha mheshimiwa. Nikabonyeza.

Usiku tuko chumba cha giza, mhariri akaiona. Akachukua penseli nyekundu akachora mraba: vichwa viwili, mikono imeshikana, basi. Kipa nje. Afisa itifaki nje. Wachezaji tisa nje. Asubuhi maelezo chini ya picha yalisema mshambuliaji huyo "amuunga mkono" mgombea fulani. Mechi iliyofuata kila akigusa mpira jukwaa zima linamzomea. Miaka mingi baadaye nikamkuta Kariakoo anauza vipuri vya pikipiki, akanisalimia vizuri tu, akaniuliza: "Kaka, wewe si unajua nilikuwa nacheka nini?" Nikamwambia najua. Akaniuzia plagi, hakunipunguzia hata mia.

Kwa hiyo, mama, swali lako la kwanza nalijibu hivi. Mwanao alipeana mkono, hakuunga mkono. Lugha yetu imeyaweka maneno hayo jirani mno, na wenye penseli nyekundu wanaishi kwa ujirani huo. Mchezaji hachagui mgeni rasmi. Hakuna mechi ya kufa na kupona wala bonanza la mtaa lisilo na mgeni rasmi nchi hii, na beki anayeganda mikono mfukoni mbele ya mheshimiwa kesho yake anaitwa na uongozi kwa utovu wa nidhamu. Yanga walipotoka fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika Juni 2023, Rais Samia aliialika timu Ikulu. Kikosi kile kilikuwa na kipa Djigui Diarra wa Mali na mshambuliaji Fiston Mayele wa Kongo. Hao hata kura hapa hawana! Utasemaje mwaliko kama ule ni tamko la mchezaji?

Ila usidhani kwa maneno hayo nimemaliza, maana picha ikishatoka haimuulizi aliyepigwa alikuwa na nia gani. Inamfanyia kazi aliyeishika.

Nakupa ya Wajerumani. Mei 2018 Mesut Özil na İlkay Gündoğan, wachezaji wa timu ya taifa ya Ujerumani, wote wazaliwa wa huko wenye asili ya Uturuki, walikutana London na Recep Tayyip Erdoğan, rais wa Uturuki, mtu aliyekuwa akilaumiwa sana Ulaya kwa kuwafunga waandishi na wapinzani. Walimpa jezi za klabu zao. Ya Gündoğan aliiandika kwa mkono wake, kwamba ni kwa rais wake, kwa heshima. Zilibaki wiki sita tu Waturuki wapige kura. Na aliyezisambaza zile picha ni chama chenyewe cha Erdoğan, AKP. Mchezaji mwingine, Emre Can, naye alialikwa, akaomba udhuru, na hakuna aliyemla.

Wengi wanakumbuka kwamba Ujerumani ilitolewa hatua ya makundi ya Kombe la Dunia kule Urusi, ikafungwa na Korea Kusini 2–0, na Özil akabebeshwa mzigo wote. Mimi nakumbuka zaidi kilichotokea katikati. Gündoğan alizomewa na mashabiki wa nchi yake mwenyewe, lakini mapema kabisa alitoka akasema ilikuwaje, kwamba haikuwa kauli ya kisiasa, na akasimama mbele ya maswali. Özil alinyamaza zaidi ya miezi miwili. Alipofungua mdomo Julai alikuwa anajiuzulu timu ya taifa, na kwa uchungu: akasema wakishinda yeye ni Mjerumani, wakifungwa ni mhamiaji. Nadhani alisema kweli, ubaguzi ulikuwepo. Lakini mwaka 2019 Erdoğan alisimama kwenye harusi yake, na mwaka 2025 Özil akaingia kwenye moja ya vikao vya uongozi wa AKP. Gündoğan ndiye aliyekuwa nahodha wa Ujerumani kwenye Euro 2024. Meza ile ile, siku ile ile, jezi kwa jezi, na ukiangalia jezi tu aliyeandika ndiye mwenye kosa kubwa zaidi. Wapo wanaosema Özil alikuwa mwanasiasa tangu siku ile ya picha. Mimi sina uhakika. Mtu ukimwita chawa miaka saba mfululizo, huenda akaona bora ahamie kichwani kabisa.

Wengine hufuatwa hadi mlangoni. Mwaka huo huo wa 2018 Misri ilipiga kambi ya Kombe la Dunia huko Grozny, Chechnya, kwa Ramzan Kadyrov, kiongozi wa jimbo hilo la Urusi, ambaye mashirika ya haki za binadamu yanamtuhumu kwa mateso ya watu wake. Kambi ilichaguliwa na viongozi wa soka. Lakini Kadyrov alipotaka picha hakuwafuata wao, alikwenda hotelini kumchukua Mohamed Salah, nyota wa Misri, akaenda naye uwanjani kwenye umati. Baadaye akampa na uraia wa heshima kwenye karamu. Unakataaje karamu ya mwenyeji wako mwenye bunduki? Na England, Mei 1938 mjini Berlin, wachezaji waliagizwa na wakubwa wao wainue mkono kwa saluti ya Kinazi kabla ya mechi na Ujerumani. Wakainua. Walishinda 6–3, mama, sita! Nani anayakumbuka mabao yale?

Msomaji mwingine, dereva wa bodaboda wa Kigamboni, ananiuliza kwa ujumbe mfupi mbona tunawaandama wanamichezo na kuwaacha wasanii wanaopanda majukwaa ya kampeni. Kijana wangu, yule ana mkataba, kavaa kofia ya chama, na anaimba jina la mgombea. Hajifichi. Huhitaji Mzee wa Kamera kukutafsiria.

Sasa hapa Dar tuna kisa chetu ambacho nakipenda kuliko vyote, kwa sababu ndani yake aliyekataa picha ni kiongozi. Februari 1980, mimi niko darasa la saba Magomeni, Muhammad Ali akatua mjini. Rais Jimmy Carter wa Marekani alikuwa amemtuma azishawishi nchi za Afrika zisusie Olimpiki ya Moscow, maana majeshi ya Kisovieti yalikuwa yameingia Afghanistan Desemba ya mwaka uliotangulia. Ali! Sisi watoto tulikuwa tukipigana ngumi jioni, kila mmoja anataka kuwa yeye. Mwalimu Nyerere akakataa kuonana naye. Ilisemwa kwamba aliona ni dharau kuletewa bondia kwenye jambo la mabalozi. Waandishi nao wakambana Ali: mbona Waafrika waliposusia Montreal 1976 kwa sababu ya makaburu, Marekani haikuwaunga mkono? Na Wasovieti si ndio wanaosaidia wapigania uhuru kusini? Ali akakiri kwamba hayo hakuambiwa kwao. Tanzania ikaenda Moscow, Filbert Bayi akaleta fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui fedha ya mita 5,000. Hadi leo ndizo medali pekee za Olimpiki tulizonazo.

Baba yangu, kuli wa bandarini, aliudhika kweli siku ile. Alitaka aione gazetini picha ya Mwalimu na Ali, aibandike ukutani. Mama akamwambia, "Ndiyo maana kaikataa." Ilinichukua miaka mingi ya kubeba kamera kuelewa mama alikuwa amesema nini. Mwalimu angeweza kumpokea Ali, akamwambia hapana kwa upole na kumpa chai. Lakini picha ingesafiri peke yake, bila ile hapana.

Nikirudi kwa mwanao. Kucheka kwake kusikusumbue, nimekwishakueleza watu hucheka soksi. Kinachohitaji maelezo ni ile jezi. Nani aliiandika? Kama ni uongozi wa klabu uliopeleka jina kwa fundi wa kuchapa, na yeye aliikuta imekunjwa kwenye mfuko wa nailoni dakika tano kabla, basi aseme hivyo hivyo, kwa sentensi hizo hizo. Aseme mara moja, kwa mdomo wake, kijiweni au kwenye hilo grupu la WhatsApp, kisha akae kimya acheze mpira. Asiwaombe radhi watu wa kijiwe. Hawamdai.

Ila hiyo kauli ya "siasa siijui" aiache. Samahani, mama, najua ni mwanao. Kijana aliyemwona mjomba wake akirudi nyumbani amebeba mbao za kibanda chake anaijua siasa vizuri kuliko mimi. Akisema haijui, mjomba anasikia kitu kingine: kwamba siku ile ya mbao mpwa wake hakuwa akitazama.

Na hapo ndipo ninapoona kosa, kama lipo. Siku ya bonanza mikono yake haikuwa yake, ilikuwa ya klabu na itifaki. Lakini jioni yake ilikuwa yake. Alipaswa kupita kwa mjomba usiku ule ule, kabla ya simu ya jirani, amwambie: mjomba, leo nimemkabidhi jezi yule bwana, nimeagizwa, utaona picha. Kaka yako nahisi amenuna kwa sababu alioneshwa na watu baki.

Bado hajachelewa. Aende, asitume ujumbe. Asiende na zawadi ya klabu, nakusihi, wala asivae jezi. Unaweza kumfungia vitumbua.

Halafu nina ombi moja la kiufundi. Kila bonanza lina kijana wa kamera, na siku hizi hawapigi picha moja, wanapiga mia mbili. Mtafuteni. Ile iliyosambaa imekatwa, nina hakika kabisa, kwa sababu umeniambia unaona watu wawili tu wanacheka, na kwenye makabidhiano ya jezi hawakosekani watu kumi na tano: mwenyekiti wa klabu, katibu, mdhamini na mpambe mmoja mwenye miwani. Mwombeni fremu nzima. Inawezekana kabisa aliyeishika jezi upande wa pili ni mwenyekiti, na mwanao kaegemezwa tu. Mkiipata nitumieni, nitaichapa hapa kwa upana wake wote, na plagi ya yule jamaa wa Kariakoo nitakuwa nimeilipia.