Uliza Kamera Ilisimama Wapi

Filamu ya makala ya kwanza niliyotazama kuhusu Beijing mwaka 1989 iliniachia picha moja tu kichwani: mtu wa shati jeupe, mifuko mkononi, peke yake mbele ya msururu wa vifaru. Kwa miaka mingi nilisimulia habari za Tiananmen, uwanja wa Beijing ambako maandamano ya wanafunzi yalizimwa na jeshi, kwa kuanzia hapo na kuishia hapo. Aliyenizindua ni Mchina niliyesoma naye. Aliniuliza, "Aliyepiga picha ile alikuwa wapi?"

Nikaenda kutafuta. Kumbe ilipigwa kutoka Hoteli ya Beijing, tarehe 5 Juni, mauaji yakiwa yameshatokea. Wanahabari wengi wa kigeni walikuwa wameingia mjini katikati ya Mei kwa ajili ya ziara ya Gorbachev, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, wakawakuta wanafunzi wamejaa uwanjani, na kamera zikaelekea huko. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 4, wengi waliuawa nje ya uwanja, kwenye barabara za kuuendea, hasa Muxidi upande wa magharibi. Wafanyakazi na wakazi wa kawaida walianguka pale. Chengdu nako damu ilimwagika, na ni wangapi kati yetu wamewahi kuliona jina la mji huo kwenye filamu?

Kwa hiyo nakushauri: kabla hujaamini filamu ya mgeni kuhusu misukosuko ya China, uliza kamera ilisimama wapi, na nani aliiruhusu isimame hapo. Antonioni, mwongozaji filamu Mwitalia, alialikwa na serikali yenyewe mwaka 1972, Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya Mao ya kuwaandama waliodaiwa kuwa maadui wa mapinduzi, yakiendelea. Alipelekwa alikopelekwa, naye akawa anageuza kamera kwenye nyuso za watu wa mitaani. Mwaka 1974 gazeti la Chama cha Kikomunisti lilimshambulia vikali, hata kwa kulipiga picha daraja la Nanjing kutoka pembe mbaya na kuonyesha suruali zilizoanikwa chini yake. Mimi shutuma ile ilinifunza kuliko filamu yenyewe, kwani ilinionyesha wenyeji wake walitaka dunia ione nini.

Sisemi uwakwepe wageni. Carma Hinton ni Mmarekani, ila alizaliwa Beijing mwaka 1949 na kukulia huko. Filamu aliyoiongoza pamoja na Richard Gordon kuhusu 1989 iliwaudhi serikali na baadhi ya viongozi wa wanafunzi pia. Itazame, hata kama ina urefu wa saa tatu.

Kisha watafute Wachina wenyewe. Anza na Hu Jie, mtengenezaji wa filamu za makala. Katika filamu yake moja alimhoji mzee Wang Jingyao, ambaye mkewe, Bian Zhongyun, naibu mkuu wa shule ya wasichana Beijing, alipigwa na wanafunzi wake hadi kufa tarehe 5 Agosti 1966. Mume yule alinunua kamera, akaupiga picha mwili wa mkewe, akazihifadhi picha hizo na nguo zenye damu kwa miaka arobaini. Nilipoitazama filamu hiyo sikuhitaji kuuliza kamera ilisimama wapi.