Taa ya tangi la samaki imezima, na mfuniko unatekenya

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Uyole, Mbeya. Nina tangi la samaki la lita 120 sebuleni. Lina hita, pampu ya hewa na taa ya LED iliyofungwa kwenye mfuniko wa aluminiamu. Vyote vimechomekwa kwenye ekstensheni moja. Taa ilianza kuchezacheza, sasa haiwaki kabisa. Juzi mkono mmoja ukiwa majini nikashika mfuniko kwa mkono wa pili, nikasikia kitu kinatekenya hadi kwenye kiwiko. Adapta ya taa imeandikwa 12V. Naweza kuifungua mwenyewe?

JIBU: Marahaba. Umeniuliza habari ya taa, lakini kilichonishtua ni huko kutekenywa. Taa iliyozima haimuui mtu, na samaki wako wanaweza kukaa bila taa siku kadhaa wasidhurike. Mkono mmoja majini na mwingine kwenye chuma maana yake ni kwamba njia ya umeme inapita kifuani. Hilo ndilo la kushughulikia leo, na usilirudie hata kwa kutaka kuhakikisha.

Usianzie kwenye tangi. Zima meni swichi ya nyumba, kisha chomoa plagi zote za tangi, ndipo urudishe umeme kwa matumizi mengine. Swichi ya soketi peke yake usiiamini: aliyeifunga akiwa amegeuza waya wa moto na nyutro, utazima na waya wa moto utabaki palepale. Hita iache majini robo saa au zaidi kabla ya kuitoa, maana kioo chake kikitoka na joto hupasuka.

Sasa, volti 12 zenyewe si za kumtekenya mtu hadi kiwiko. Kuna mahali volti 230 zinavuja. Mimi ningemshuku hita kwanza. Ishike kwenye mwanga, uizungushe polepole: ufa mwembamba kama unywele, au matone ya maji ndani ya kioo, yanatosha kuitupa. Hita iliyopasuka haigundishwi kwa supa gluu, tafadhali. Mshukiwa wa pili ni adapta ya taa. Zile za bei ya kutupa, mgawanyo wa ndani kati ya upande wa 230 na upande wa 12 mara nyingine ni hafifu sana. Hata adapta nzima isiyo na erthi huweza kuvujisha kidogo sana ukasikia mtekenyo usio na madhara, ila kwa kidole huwezi kujua upi ni upi. Testa ya bisibisi nayo haitakusaidia. Itawaka kwa vyote viwili. Hapa anahitajika fundi mwenye mega, kipimo kinachojaribu insulesheni kwa volti kubwa.

Akija, mwombe mambo mawili zaidi. La kwanza ni erthi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Itazame na ekstensheni yenyewe: nyingi zina matundu matatu juu lakini ndani waya ni mbili tu. Na kama fito ya erthi imefukiwa juujuu, udongo ukikauka kiangazi uwezo wake unashuka. La pili ni RCD ya milliampia 30, kifaa kinachokata umeme mara unapovuja. Sakitibreka ya kawaida inalinda waya zisiungue. Mkondo unaoweza kumuua mtu ni mdogo mno kwake, hautaiangusha. RCD ndiyo inayokata.

Hita ikiwa nje, baridi ya Uyole itawasumbua samaki kuliko giza. Funika tangi kwa blanketi pande zote, acha upenyo juu kwa ajili ya hewa. Maji lita 120 hayapoi kwa ghafla.

Taa yenyewe ni kazi nyepesi, na adapta ikishapimwa na kuonekana salama unaweza kuianza mwenyewe. Ipeleke mezani, mbali na maji, mikono mikavu. Chomeka adapta, weka multimita kwenye DC, pima ncha ya kutolea. Ukipata sifuri, adapta imekufa. Nunua nyingine yenye volti zilezile, ampia sawa au zaidi, na chanya iwe upande uleule. Ukipata 12, usifurahi haraka: adapta iliyochoka huonyesha 12 ikiwa haina mzigo, ukiunga taa inaporomoka. Kule kuchezacheza ulikokuona mara nyingi ni hiyo, au ni kutu ya kijani kwenye kiunganishi cha waya. Chomoa kwanza, kisha ikwangue na uifute kwa spiriti.

Kutu hiyo ina sababu yake. Juni na Julai maji yako yako nyuzi 25 na sebule ni baridi, kwa hiyo mvuke unagandia kwenye mfuniko usiku kucha na kudondokea ndani ya taa. Weka kipande cha kioo kati ya maji na taa.

Adapta usiilaze juu ya mfuniko. Ipandishe ukutani juu ya usawa wa maji, na kila waya uache uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuchomekwa, ili tone linalofuata waya lidondoke sakafuni, lisiingie kwenye soketi.