Ormond na kushindwa kwa Rathmines, 1649
Umeuliza kama James Butler wa Ormond, kamanda wa jeshi la mfalme Ayalandi, alishindwa Rathmines, karibu na Dublin, kwa kukosa askari. Hapana, askari alikuwa nao. Usiku wa kuamkia Agosti 2, 1649 alimtuma ofisa wake Purcell na watu kama 1,500 waimarishe ngome mbovu ya Baggotrath, ili farasi wa jeshi la Bunge la Uingereza, lililoshika Dublin, wakose malisho na njia ya Ringsend, bandari ya mji huo, izibwe. Walipotea gizani, wakafika karibu na alfajiri. Ormond aliikuta kazi haijafika popote, na bado akarudi hemani kupumzika! Hilo ndilo kosa kubwa. Michael Jones, kamanda wa jeshi la Bunge mjini Dublin, akatoka mjini, akawafurusha watu wa Ormond. Siku 13 baadaye Cromwell, jenerali wa Bunge, akashuka Ringsend bila kizuizi.