Figo na kisu: maswali yenu kuhusu kansa ya figo na oparesheni yake

Meseji za figo zimekuwa nyingi sana safari hii na karibu zote zinaulizia kitu kilekile, yani mtu kaambiwa ana uvimbe kwenye figo na familia imegawanyika, wengine wanataka oparesheni wengine hawataki kuisikia. Nimechagua chache, nimezifupisha, majina nimeyatoa.

SWALI: Dokta shikamoo. Niko Tanga, baba yangu ana miaka 61, alikuwa dereva wa malori na sigara ameacha juzi juzi tu. Mwaka jana alianza kukojoa damu, mkojo unakuwa kama maji ya choya ila haumwi popote. Dispensari wakasema kichocho wakampa vidonge ikaisha, baada ya miezi ikarudi, akapewa vilevile ikaisha tena. Sasa imerudi mara ya tatu, tukampeleka ultrasaundi wakaona uvimbe wa sentimita 5 kwenye figo ya kushoto. Daktari anataka oparesheni lakini baba wadogo wanasema kansa ikiguswa na kisu inapata hewa inasambaa, bora apelekwe kwa mganga wa mitishamba. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana na baba. Nianze na hilo la kisu kwasababu ndo linalopoteza watu wengi. Hewa haisambazi kansa. Hii imani naelewa imetoka wapi, maana kwa miaka mingi watu wetu wamekuwa wakifika hospitali uvimbe umeshatoka nje ya figo, wanapasuliwa, baada ya muda mfupi wanafariki, na nyumbani kinachokumbukwa ni kwamba marehemu alikuwa anatembea vizuri mpaka siku aliyopasuliwa. Kumbe kansa ilishafika kwenye mapafu kabla kisu hakijagusa hata ngozi. Kwa kansa ambayo bado imekaa ndani ya figo, kisu ndo dawa yenyewe, na mara nyingi ni dawa peke yake. Ile aina inayowapata watu wazima, ambayo ni karibu 9 kati ya 10 ya kansa zote za figo, haisikii kemo ya kawaida (dawa za kuua kansa) na mionzi nayo haina nguvu kubwa hapo, kwa hiyo ukimnyima mgonjwa kisu katika hatua za mwanzo umemnyima tiba.

Dispensari hawakukosea kufikiria kichocho mara ya kwanza. Tanga, Unguja, Pemba na vijiji vingi vya kanda ya ziwa kichocho cha mkojo kipo na kinatoa damu kweli. Ila kichocho hicho kinashambulia hasa kibofu, na kikikaa miaka mingi kansa kinayoweza kuleta ni ya kibofu sio ya figo. Linaloniumiza ni mtu mzima wa umri wa baba kupewa prazikwanteli mara ya pili, mara ya tatu, bila mkojo kuangaliwa kwenye hadubini na bila ultrasaundi. Damu kuisha baada ya vidonge haina maana vidonge vimetibu. Uvimbe wa figo unavuja unapotaka, unanyamaza wiki au miezi, unavuja tena, na hauumi, hapo ndo unapotudanganya wote, daktari na mgonjwa. Zipo dalili tatu zinazotajwa sana, damu kwenye mkojo, maumivu ya ubavuni na uvimbe unaoshikika kwa mkono, lakini wanaokuja na zote tatu kwa pamoja hawafiki hata 1 kati ya 10 na wengi wao wanakuwa wameshachelewa. Wengine hawana dalili yoyote, mtu kaenda kupimwa tumbo kwa jambo lingine kabisa ultrasaundi ikaona kitu. Na kwa wanaume kuna hii ambayo watu wanaona aibu kuisema: mishipa ya korodani ya kushoto inavimba ukubwani, ghafla, na haipungui hata ukilala. Mshipa wa korodani ya kushoto unamwaga damu yake kwenye mshipa wa figo, sasa njia ikizibwa na uvimbe damu inarudi chini. Ukiona hivyo usiishie kupewa dawa za maumivu, omba ultrasaundi ya figo.

Baba sasa anahitaji siti skani ya tumbo na kifua, ile ya kuchomwa dawa ya rangi kwenye mshipa, na kabla ya hiyo dawa apimwe kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinafanyaje kazi, kwasababu dawa inatoka mwilini kupitia figo hizohizo. Kwenye picha daktari anataka kuona uvimbe umeishia wapi, kama umeingia kwenye mshipa mkubwa wa damu, mapafu yakoje, na figo ya upande wa pili inafanya kazi au la. Ikionekana uko ndani ya figo basi baba yuko hatua ya kwanza, maana hatua ya kwanza inafika mpaka sentimita 7. Waelezee baba wadogo hivyo hivyo. Kansa hii ina tabia ya kuota ndani ya mshipa wa figo na kuingia kwenye mshipa mkuu unaorudisha damu kwenye moyo, wengine inapanda mpaka kwenye moyo wenyewe, na ikifika huko oparesheni inakuwa nyingine kabisa, kubwa na ya hatari, kuliko hii anayoweza kufanyiwa saizi.

Na msishangae akipelekwa thieta bila kuchukuliwa kwanza kipande cha nyama kwa sindano cha kupima. Kwa viungo vingi tunadai majibu ya nyama kabla ya kitu chochote, ila kwa figo siti skani nzuri mara nyingi inatosha kuamua, na sindano inaweza ikachukua sehemu isiyo na kansa mkadanganyika kuwa yuko salama. Kitakachotolewa chote kitapelekwa patholojia, maabara ya kupima nyama, baadae.

SWALI: Daktari, salamu kutoka Mombasa. Mamangu ana presha na sukari, wamempata na uvimbe wa sentimita 3 na nusu kwa figo ya kulia. Daktari anasema atatoa kipande tu na kuiacha figo. Si afadhali atoe figo yote tumalizane nayo? Naogopa kubaki mizizi.

JIBU: Dada yangu, huyo daktari anafikiria vizuri, msikilize. Ni kweli zamani ilikuwa hivyo unavyotaka wewe, kuanzia miaka ya 1960 oparesheni ya kawaida ilikuwa kutoa figo nzima na mafuta yote yanayoizunguka na hata kile kitezi kinachokaa juu yake, mtu anaondolewa kila kitu hata kama uvimbe ni mdogo. Baadae ikaonekana kwamba kwa uvimbe wa mpaka sentimita 4 wanaotolewa kipande wanapona kansa sawasawa na wanaotolewa figo nzima, na wanabaki na figo. Ndo maana leo kwa uvimbe wa kiasi cha mamako kipande ndo chaguo la kwanza, na hata mpaka sentimita 7 inajaribiwa kama umekaa sehemu inayofikika. Mama mwenye presha na sukari figo zake tayari zina maadui wawili, ukimtoa nzima leo unaweza ukawa umemsogeza karibu na mashine ya kusafisha damu kesho. Halafu uvimbe mdogo kama huo sio wote ni kansa, kuna unaotolewa na patholojia wanasema ni uvimbe wa kawaida tu, sasa fikiria kama figo nzima ingeshatupwa.

Nikueleze kinachofanyika ndani ili hofu ipungue. Mgonjwa anapigwa nusu kaputi, analazwa kwa ubavu. Daktari anachana chini ya mbavu, au anaingia na kamera kwa vitundu vidogo (njia hiyo ilitumika kutoa figo kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1990 na sasa hospitali kubwa za kwetu baadhi zinaifanya). Anaisafisha figo mafuta mpaka uvimbe uonekane. Halafu anabana kwa kibanio mshipa unaoingiza damu kwenye figo, na hapo mtu mmoja anaanza kutaja dakika kwa sauti, kwasababu figo isiyopata damu inaanza kufa na timu nzima inataka kumaliza ndani ya dakika 25 au 30. Ikijulikana kazi itakuwa ndefu figo inazungushiwa barafu iliyosagwa. Uvimbe unakatwa pamoja na ukingo mwembamba wa nyama nzima inayouzunguka, hiyo ndo kinga ya hiyo mizizi unayoiogopa, halafu panashonwa kwa tabaka, kibanio kinafunguliwa, wote wanatulia wanaangalia kama panavuja.

Sikufichi, kutoa kipande ni kazi ngumu kuliko kutoa nzima. Inaweza kuvuja damu baadae, inaweza kuvuja mkojo, na mara chache daktari akiwa ndani anaona haiwezekani anatoa nzima, kwa hiyo kwenye karatasi ya ridhaa mtaikuta hiyo na mumuulize kabla. Ndugu wachangie damu mapema. Atarudi wadini na mpira wa mkojo na pengine bomba dogo ubavuni la kutoa majimaji, atasimamishwa atembee kesho yake hata kama anauma, msimuonee huruma akataka kulala tu, maana kulala ndo kunaleta nimonia na damu kuganda miguuni. Ndoo ya maji na kazi nzito asiguse kwa wiki 6 hivi.

SWALI: Nina miaka 34 nimetolewa figo moja kwa ajili ya kansa. Mume wangu anasema sitaweza tena kubeba mimba na hata tendo la ndoa nitakuwa dhaifu. Ni kweli?

JIBU: Hapana mdogo wangu, si kweli. Mwaka 1869 kule Heidelberg, Ujerumani, daktari Gustav Simon alimtoa mwanamke figo moja kwa makusudi baada ya kujaribu kwanza kwa mbwa kuona kama mnyama anaishi na moja, na yule mama akapona akaendelea na maisha. Tangu hapo duniani wamejaa watu wa figo moja, wakiwemo wote wanaowapa ndugu zao figo. Inayobaki inatanuka kidogo na kuchukua sehemu kubwa ya kazi ya mwenzake. Kubaki na figo moja inayofanya kazi vizuri hakuondoi hamu wala uwezo wa tendo la ndoa. Mimba inawezekana, ila ongea kwanza na daktari wako kuhusu muda wa kusubiri, presha yako na kreatinini ziwe zimepimwa na ziko sawa, na kliniki ya wajawazito waambie mapema kwamba una figo moja wakufuatilie kwa karibu. Huyo mume njoo naye kliniki asikie mwenyewe.

Unachotakiwa kukilinda ni hiyo iliyobaki. Diklofenaki na ibuprofeni za kununua dukani kila mgongo ukiuma, acha. Mitishamba isiyojulikana ina nini ndani, acha, ipo inayoua figo moja kwa moja. Presha pima hata kama hujisikii vibaya.

SWALI: Mtoto wangu ana miaka 3, wakati namuogesha nimegusa kitu kigumu tumboni upande mmoja. Hana homa, anacheza. Bibi yake anasema bandama, anataka achanjwe. Niko Kahama.

JIBU: Mama usisubiri, mpeleke hospitali kesho asubuhi, asichanjwe na msimbonyeze bonyeze tumbo, kila ndugu anayekuja asiliguse. Inaweza kuwa bandama kweli, lakini watoto wa umri huu wana kansa yao ya figo inayoitwa uvimbe wa Wilms, na mara nyingi anayeigundua ni mzazi akiwa anamuogesha mtoto au anamvalisha, mtoto mwenyewe anacheza tu. Uvimbe huo ukibonyezwa sana unaweza kupasuka ndani ukamwaga seli tumboni. Omba ultrasaundi hapo Kahama, na ikionyesha figo omba rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, siku hiyohiyo, Muhimbili pia wanatibu kansa za watoto. Hii ni tofauti na ya watu wazima, inasikia kemo vizuri sana, kwa hiyo watoto wengi wanaanza kemo uvimbe usinyae ndo wanapasuliwa, halafu kemo inaendelea. Katika nchi zenye huduma nzuri zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wanapona. Wanaotuponyoka huku kwetu wengi ni waliochelewa kufika na walioacha matibabu katikati baada ya tumbo kupungua wakadhani amepona.

SWALI: Kaka yangu ya kwake imeshafika kwenye mapafu. Wamesema oparesheni haitasaidia. Ndo basi?

JIBU: Pole sana. Sio ndo basi, ila njia inabadilika. Kuna vidonge vinavyozuia uvimbe kujitengenezea mishipa ya damu, sunitinibu ikiwa mojawapo, vinatumika tangu 2006, na kuna dripu za kuamsha kinga ya mwili iitambue kansa, hizi zimewapa baadhi ya wagonjwa miaka ambayo zamani hatukuwa tunaiona. Tatizo ni bei, wengi hawaziwezi, na ulizeni kwenye bima yenu kabla hamjauza kiwanja, mjue zinalipiwa kiasi gani na kwa muda gani. Kuna wagonjwa figo inatolewa hata kama kansa imesambaa, kwa sababu inavuja damu sana au imesambaa kidogo tu, na kuna ambao kuwapasua ni kuwachosha bure, kwa hiyo waulize madaktari kwanini kwake wamesema hapana, mna haki ya kuelezwa. Na maumivu asiyavumilie. Ocean Road, ile hospitali ya kansa ya Dar es Salaam, na hospitali nyingi za rufaa wanatoa mofini ya maji ya kunywa, ni dawa halali na mgonjwa wa kansa akipewa kwa vipimo sahihi hageuki teja.

SWALI: Mzee alitolewa figo mwaka 2022, ni mzima kabisa, analima. Kila mwaka wanamwita siti skani, hela inaisha. Aendelee kwenda?

JIBU: Aendelee. Kansa hii ikirudi inapenda kwenda kwenye mapafu, na inarudi zaidi katika miaka ya mwanzo bila dalili yoyote, na kikionekana kidoa kimoja kidogo mapema wakati mwingine kinaweza kutolewa. Ratiba inategemea majibu ya nyama, ilikuwa sentimita ngapi, ilitoka nje ya figo au la, kwa hiyo mtafutieni ile karatasi ya patholojia aende nayo. Aliyekuwa na uvimbe mdogo anaweza kupunguziwa vipimo, pengine eksirei ya kifua na ultrasaundi zikatosha kwa baadhi ya safari, lakini hilo aliamue daktari akiwa na karatasi mkononi. Na kreatinini na presha apime kila anapokwenda, hivyo havina bei kubwa.